Saini Bure, Stempu Utajiju

Saini ya mchezaji mpira haina bei. Ukiipata umepewa bure, na mchezaji mwenyewe hatoi hata senti. Sasa niulizeni hela yangu imekwenda wapi.

Mpwa wangu anataka saini ya mshambuliaji wa timu moja ya London. Utaratibu unajulikana: unaandika barua, unaweka picha ya kusainiwa, na humo humo unatia bahasha ya pili yenye anwani yako na stempu yake tayari, ili bwana mkubwa asigharamie chochote zaidi ya wino. Hapo kwenye stempu ndipo ninapokabwa koo. Bahasha ya pili itapostiwa London, kwa hiyo inataka stempu ya Uingereza. Yangu, hata ikiwa na twiga mzuri namna gani, kule ni pambo.

Lakini kwanza uzito. Ngazi ya kwanza ya barua ya kwenda nje ni gramu 20. Karatasi moja ya A4, hii ya kawaida ya fotokopi, ina gramu 5. Mpwa wangu kaandika karatasi nne. Yaani kabla ya picha, kabla ya bahasha mbili, kabla ya kadibodi ya kuzuia picha isikunjwe, maneno matupu yameshamaliza gramu zote 20. Nikaisoma hiyo barua. Ukurasa wa kwanza wote ni salamu: yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami, wasalimie wazazi, msalimie kipa, msalimie na kocha japo Jumamosi alikutoa mapema. Dhumuni la barua linaanza kuchungulia ukurasa wa pili. Nikamwambia apunguze.

"Mjomba, nimwandikie mtu mzima bila kumsalimia?"

Nijibu nini? Salamu zimebaki, dada wa dirishani posta kazipima, kazitoza.

Tukarudi kwenye stempu. Shemeji yangu anayeishi Reading aliwahi kutuletea bahasha imejaa stempu za kwao, zile za kila siku zenye kichwa cha Malkia Elizabeth. Niliziweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Kumbe kule walikwishaamua kwamba stempu za aina hiyo zisizo na msimbo pau ubavuni hazitumiki tena, na muda wa mwisho wa kuvumiliwa ulikwisha Julai 2023. Unaweza kubadilishiwa upewe mpya, sawa, ila inabidi uzirudishe kwa posta. Kwa posta!

Wazee wa kazi watasema: nunua kuponi ya majibu ya kimataifa. Naijua. Umoja wa Posta Duniani uliipitisha Roma mwaka 1906 kwa ajili ya watu kama mimi: unainunua kwenu, unaitia kwenye barua, mwenzako anaipeleka posta ya kwao na kupewa stempu ya kukujibu. Ni kuponi hiyo hiyo aliyoitumia Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 kama kisingizio cha upatu wake, akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waingereza waliacha kuiuza mwisho wa 2011, Wamarekani wakafuata 2013. Na hata nikiipata, hebu mpige picha mshambuliaji analipwa mamilioni kwa wiki, amepanga foleni posta na kikaratasi changu mkononi, nyuma ya bibi anayefuatilia kifurushi.

Anayeniudhi kuliko wote ni Rowland Hill. Kabla ya mageuzi yake ya 1840, huko Uingereza aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipia barua. Yeye akaleta stempu, peni moja, mtumaji atangulize pesa, na wakampa cheo cha Sir. Fikirini, ule mtindo wa zamani ungeendelea: mshambuliaji anatia picha kwenye bahasha, anaitumbukiza kwenye boksi bila stempu, mimi nalipa hapa hapa kwa shilingi siku inapofika. Isipofika, silipi. Sasa hivi natanguliza nauli ya kurudi ya barua ambayo huenda ikaishia kwenye pipa la taka la klabu, na stempu yangu juu yake.

Basi nikampigia shemeji, akakubali kununua stempu mpya na kumpa mtu anayekuja likizo Desemba. Zimefika, zina msimbo pau, zinang'aa. Nikamwita mpwa aje tufunge bahasha. Akaja na simu mkononi, uso umemshuka.

"Mjomba, ameuzwa Hispania."

Nimepekua ukoo mzima. Hatuna shemeji Hispania.