Tope Likae Meza Kuu

Kwenye jubilei ya ndoa kila aliyeshika kazi hupata shukrani zake. Hushukuriwa padri au mchungaji, kamati, mpishi, MC, kijana wa muziki, hata jirani aliyeazima jenereta. Lakini familia ikiamua kuwapandisha wazee wake Usambara wakati wa Pasaka, ikakodi nyumba ya mbao kando ya msitu wa Magamba ili watoto, wakwe na wajukuu wakae pamoja siku nne, yupo mhusika atakayefanya kazi kuliko kamati nzima na hatatajwa ila kwa matusi. Mhusika huyo ni tope. Nimejitolea kulitetea, tena si kwa kulionea huruma. Pasaka huangukia masika, masika huleta tope, na ninadai kwamba pasipo tope hilo familia ingekuwa imelipia safari ndefu kwenda kula pilau ambayo ingeliwa vizuri tu Sinza, Dar es Salaam.

Kwanza tumjue mteja wangu. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto kuna lami, kilomita zipatazo 33 za kona zinazopanda kupitia Soni, na hapo hakuna cha kusifu zaidi ya mandhari. Mambo huanza lami inapokwisha. Udongo wa huko juu ni mwekundu na wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, tabaka la juu hulainika wakati la chini bado gumu, kwa hiyo gari haliwahi hata kuzama: linateleza kwanza. Dereva mgeni hukanyaga mafuta, na hapo ndipo anapojimaliza, maana tairi likizunguka kwa kasi kashata zake hujaa udongo, na kuanzia dakika hiyo tairi jipya la laki kadhaa halina tofauti na kipara. Udongo huu haujapata kupenda amri za mtu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili udongo usiporomoke mabondeni. Wakulima waligoma, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru. Ulioshinda dola hauwezi kuitii Noah ya kukodi.

Sasa tazama kinachotokea gari linapokwama kwenye kona ya mwisho, jioni ya Ijumaa Kuu. Abiria wote hushuka. Suruali hukunjwa hadi magotini, viatu vya ngozi hupangwa juu ya dashibodi. Mkwe ambaye miaka yote amekuwa akiongea na baba mkwe wake kwa sauti ya ofisini, amebana bega kwenye buti ubavuni mwa shemeji yake ambaye hajawahi kumzoea. Bibi mwenye jubilei yake, kanga begani, ndiye anayetoa amri kutoka ukingoni: "Haya wanangu, moja, mbili, tatu!" Gurudumu la nyuma linamrushia tope kifuani yule aliyesimama vibaya, na kwa sababu nisizoweza kuzieleza, aliyesimama vibaya huwa ndiye mwenye shati jeupe kuliko wote. Hakuna MC anayeweza kuchekesha ukumbi kwa kiwango hicho, na MC hulipwa nusu kabla hajashika kipaza sauti. Tangu hapo mkwe yule hawezi tena kurudi kwenye sauti ya ofisini.

Lakini kicheko ni faida ndogo. Kazi kubwa ya tope huonekana wakati wa kuondoka. Ukumbini mjini, mwalikwa wa saa kumi na mbili huingia saa mbili, akala, akacheza kwenda kutoa zawadi, akapiga picha na keki, na ikifika saa nne na nusu funguo za gari zimeshatoka mfukoni. Kesho kazini. Wazee wametimiza miaka 50, na wanao wamewapa muda wa mechi moja na nyongeza zake. Hayo hayawezekani palipo na tope. Mtoto aliyepanga kupita tu, apige picha mbili na kugeuza, anaamka Jumamosi anakuta mvua imekesha na njia imeng'aa. Anaweka funguo mezani. Anaambiwa amenye viazi. Na wa kumenya naye ni kaka yake, ambaye hawajaongea tangu ule mgogoro wa kiwanja, kwa sababu visu viko viwili na benchi ni moja. Sisemi kwamba watapatana. Nasema watalazimika kuulizana maganda yanatupwa wapi, na mwaka jana hata hilo halikuwezekana.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba familia inayopendana haihitaji kufungiwa njia. Mwenye mapenzi atakaa mwenyewe. Hoja nzuri, ila walioitunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hawakuiamini, na wao ndoa ndiyo iliyokuwa mada yao. Sheria hiyo hairuhusu ombi la talaka kufikishwa mahakamani ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa kibali cha mahakama yenyewe. Miaka hiyo ikitimia, kwa kawaida mgogoro sharti uanzie baraza la usuluhishi la ndoa, na ni mpaka baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha ndipo mahakama ifungue masikio. Isome sheria hiyo kwa jicho la dereva, utaona ni nini: wabunge walimwaga maji kwenye udongo wa njia ya kutokea. Hawakudhani kwamba Watanzania hawana mapenzi. Walijua kwamba mapenzi hupatwa na Alhamisi mbaya, na kwamba mtu akicheleweshwa hadi Jumatatu mara nyingi husahau alikuwa anakwenda wapi. Wanaofanya jubilei ya dhahabu siku hizi ndio walioona sheria hiyo ikiwa mbichi. Waulize siri ya kudumu, watakujibu sala na uvumilivu. Hakuna atakayesema mbele ya wajukuu kwamba kuna mwaka begi lilishafungwa, basi likawa limekwisha kuondoka, na kesho yake mtoto akaugua surua. Kucheleweshwa nako kulichangia jubilei, ila hakuna anayekuweka kwenye risala.

Atainuka mwingine, na huyu namheshimu zaidi, aseme kwamba kinachosifiwa hapa ni gereza. Ndoa iliyodumu kwa sababu mlango haukufunguka si ya kukatiwa keki. Nakubaliana naye kuhusu magereza, ndiyo maana nalitetea tope wala silitetei kufuli. Tope huchelewesha, halizuii. Mwenye haja ya kweli ya kuondoka huvua viatu, akashika fimbo, akateremka kwa miguu mpaka Lushoto mjini. Atafika amechafuka, lakini atafika. Sheria nayo imeacha kijia cha namna hiyo, kwa kuwa mahakama inaweza kutoa kibali kabla ya miaka miwili pale mwombaji anapopatwa na dhiki isiyo ya kawaida. Na palipo na kipigo sitaki tope hata tone: hapo njia iwe kavu, pana, na gari liwe limewashwa tayari. Tope lina sifa pale tu linapopambana na uvivu, kinyongo kidogo na ile kesho kazini.

Kuna wanaopendekeza hoteli ya ufukweni. Bagamoyo kuna vitanda vizuri kuliko nyumba yoyote ya mbao, na pweza. Kuna pia lami hadi getini, kwa hiyo kufikia saa nane mchana wa Jumapili ya Pasaka mtabaki wazee wawili na wajukuu walioachiwa.

Pingamizi moja tu linamnyamazisha mteja wangu. Watu wanaishi huko juu, hawaendi kwa jubilei. Kabichi, karoti na viazi vya Lushoto hushuka hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam, na Fuso likilala njiani siku mbili mzigo huanza kunuka wakati dalali anashusha bei kwa simu. Mama mjamzito akibebwa kwa machela kwenye utelezi usiku, hakuna mwandishi atakayemwambia kwamba tope hujenga familia. Ni rahisi kulisifu ukiwa umekodi kitanda kwa siku nne. Hata hivyo lawama nitaigawa: mvua huja kila mwaka bila kujificha, na mtaro uliozibwa na majani tangu vuli haukuzibwa na tope, ulizibwa na aliyepaswa kuuzibua akaona mpaka kesho.

Kwa hiyo ombi langu kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni jepesi. Njia za zahanati, za shule na za soko zipewe lami, au angalau kifusi cha kutosha na mitaro inayozibuliwa kabla ya Machi. Kijia kinachokwenda kwenye nyumba za kukodi kiachwe kilivyo, tena kikitokea mfadhili, ashukuriwe na aelekezwe kwingine. Kamati za jubilei nazo ziweke fungu la trekta kwenye bajeti, juu ya fungu la keki, na zimlipe mwenye trekta mapema kwa sharti moja, kwamba simu yake isipatikane mpaka Jumanne.