Picha Nzito Haipandi Mlima

Huku kwetu Ifakara, mtandao ndiye mshitakiwa wa kudumu. Muamala usipofika, mtandao. Mchumba asipopokea simu, mtandao. Shemeji asipotuma mchango wa harusi, ndipo mtandao unapokuwa mbaya kuliko siku zote. Ni mshitakiwa anayefaa sana, maana hana mdomo wa kujitetea wala ndugu wa kuja kumsemea. Kwa hiyo tovuti ya dada yangu ilipogoma kuonyesha picha kwenye simu, hukumu ilitoka kabla kesi haijaanza.

Dada anauza mchele. Anakoboa, anapanga magunia, anapeleka Dar. Alikuwa amechoka kusikia watu wa mjini wakisifu mchele wa Kyela kana kwamba bonde la Kilombero linalima magimbi, na ilhali hata SARO 5, mpunga unaolimwa mikoa mingi, ulipita mikononi mwa watafiti wa kituo cha kilimo cha KATRIN hapahapa Ifakara. Akamtafuta kijana wa kutengeneza tovuti, wa Morogoro mjini. Kijana akaja na laptopu yake, akaamkia shikamoo kwa adabu, akafungua ukurasa: magunia, punje ndefu nyeupe, ghala. Vigelegele vikapigwa. Kijana akalipwa, akapanda basi.

Jioni hiyo kila aliyefungua kwa simu aliona bei vizuri, namba ya simu vizuri, lakini penye picha palikuwa na kijikaratasi kilichochanika kona, na ubavuni pake maneno: "Jeneza la mninga, bei maelewano."

Nieleze kidogo. Mtengeneza tovuti huandika nyuma ya kila picha maneno machache ya kuieleza. Husomwa na programu zinazowasaidia wasioona, na hujitokeza pale picha inaposhindwa kufunguka. Picha ikifunguka, huyaoni. Sasa kijana wetu, kabla ya kuja kwetu, alikuwa amemtengenezea tovuti seremala. Akaichukua ileile, akabadili bei, akabadili picha, maneno ya nyuma akayaacha yalale yalipolala. Tangazo la dada likawa linasomeka hivi: Mchele safi wa Ifakara. Jeneza la mninga. Tunakuletea mpaka mlangoni.

Simu zikaanza kuita. Mama mmoja wa Mbagala aliuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ni huduma moja, mchele wa msibani na sanduku lake, na kama ukichukua vyote unapunguziwa, maana kwao wana mgonjwa.

Baraza la wataalamu likakutana chini ya mwembe. Dereva wa bodaboda alisema ni bando, wateja wa siku hizi hawana bando. Fundi simu wa Kibaoni alisema tufute kache. Akaifuta, nywila zote za dada zikaondoka nayo, na picha hazikurudi. Mwalimu mstaafu alinyoosha kidole kuelekea Milima ya Udzungwa, akatufundisha kwamba maandishi ni mepesi, yanaruka. Picha ni nzito, haipandi mlima. Ukicheka, ujue nusu ya hoja yake ni kweli: picha moja ya simu ya kisasa hufika megabaiti 3 au 5, na maneno ya ukurasa mzima hayafiki hata moja. Jirani yetu mzee, aliyevuka Mto Kilombero kwa kivuko miaka yote kabla ya Daraja la Magufuli, alitikisa kichwa tu. "Zamani kitu kikichelewa," akasema, "tulijua kimekwama wapi."

Mimi niliitwa kwa sababu nina miwani.

Nilianza kwa kumtetea mshitakiwa. Mtandao ukikosa kweli, kila mtu hujua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima, na hakuna aliyekaa kulalamikia picha peke yake. Mtandao dhaifu huweza kuchelewesha picha, maana ni nzito. Lakini hauwezi kukuletea bei ya gunia kwa usahihi wa shilingi, kisha gunia lenyewe ukaliacha njiani kwenye kila simu, kila saa.

Nikakibonyeza kile kijikaratasi bila kuachia kidole, mpaka anwani ya picha ikajitokeza. Ilianza na C, nukta mbili, halafu jina la kijana, halafu folda iitwayo "kazi za haraka". Kumbe picha hazikuwahi kutoka kwenye laptopu yake! Siku ile alitufungulia nakala iliyokuwa humohumo laptopuni, nayo ikaokota picha zilizokuwa pembeni yake. Simu ya mama wa Mbagala ilikuwa inaagizwa ikazitafute kwenye diski C, na simu haina diski C.

Dada akampigia. "Mbona kwangu zinafunguka, mama," kijana akajibu. Sijawahi kukutana na fundi wa tovuti ambaye kwake hazifunguki.

Akazipakia kwenye seva. Nusu zikafunguka, nusu zikagoma. Safari hii nilipofungua picha iliyogoma kwenye ukurasa wake, nikapata 404. Faili lake lilikuwa linaitwa MCHELE.JPG, kijana kwenye ukurasa akaiandika mchele.jpg. Kwenye kompyuta za Windows hao ni mtu mmoja. Seva nyingi huendeshwa kwa Linux, na huko hao ni watu wawili wasiojuana hata ukoo. Nikawaonyesha baraza ile namba: swali limeondoka hapa mwembeni, limefika kwenye seva, seva imetafuta na kukosa, jibu limesafiri mpaka limeturudia. Mtandao umekwenda na kurudi, mnamfunga kwa kosa gani? Baraza likanyamaza. Mwalimu akauliza kama hiyo 404 si urefu wa mlima.

Dereva wa bodaboda akasema kwake bado, hata moja. Nikaishika simu yake. Alikuwa ameamuru kivinjari kisifungue picha ili kubana bando, zamani sana, akasahau, na muda wote huo alidhani intaneti ndivyo ilivyo, maneno matupu.

Ikabaki picha moja tu, iliyoongezwa baadaye, ya dada kasimama ghalani na kitenge kipya, ambayo ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Shemeji aliipiga kwa iPhone, na simu hizo tangu 2017 huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao Chrome ya kwenye Android haiujui. Kwa shemeji ikawa inafunguka vizuri sana, na alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kijana akaigeuza kuwa JPG kwa programu anayoijua mwenyewe, nayo ikaitupa ile alama ndogo inayoiambia simu upande upi ndio juu.

Sasa picha inafunguka kila mahali. Dada amelala ubavu hewani, anatabasamu, na magunia yameng'ang'ania ukutani bila kushikwa na mtu. Kijana ameshauri wateja wageuze simu. Wakiigeuza, skrini nayo inageuka, na dada analala upya. Jana mteja wa Mlimba amepiga kumpa pole ya ajali ya lori, akauliza mchele ulionusurika utauzwaje. Dada akamshukuru kwa pole, akamtajia bei ileile, akaongeza na nauli.