Huu Wimbo ni wa Bendi Gani?

Jamani, juzi kijiweni kwetu Magomeni kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya wimbo mmoja. Kijana wa bodaboda aliegesha pikipiki, akafungulia spika yake ndogo, ikatoka "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Gitaa lile! Hata wacheza drafti waliacha kete hewani. Ndipo mtu mmoja akauliza swali ambalo zamani halikuwa likimaliza dakika: "Hapo alikuwa bado yuko Morogoro Jazz, au ameshaanzisha Super Volcano?"

Kimya. Kisha vurugu. Benchi hili Morogoro Jazz, benchi lile Super Volcano. Mwalimu mstaafu anaapa kwa jina la marehemu mama yake, muuza kahawa ameweka birika chini apate kunyoosha kidole vizuri. Tukamwambia kijana atazame kwenye simu. Akatazama. Simu ikasema: "Zilipendwa Mix 07". Bendi haipo, mwaka haupo, hata jina la wimbo halipo. Nikasonya. Nimesonya mengi maishani, lakini ule msonyo ulitoka tumboni.

Fundi redio, ambaye kibanda chake kiko hatua kumi kutoka tulipokaa, hakusema neno. Aliingia ndani, akarudi na santuri ndogo kwenye bahasha ya karatasi iliyokula miaka. Akaifuta kwa upindo wa shati, akatuonyesha ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Super Volcano. Kesi ikaisha. Benchi la Morogoro Jazz likalipia kahawa ya wote.

Sasa nisikilizeni. Tukisema tunazikumbuka santuri, kanda na CD, vijana wanadhani tunaulilia ujana wetu. Mimi naililia ile karatasi ya katikati. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kazi yote ya Super Volcano akiwa hai imo ndani ya miaka hiyo michache. Jina la bendi lilikwambia mtu yule alikuwa wapi katika safari yake, alikuwa na nani jukwaani, na mauti yalikuwa mbali au yameshakaribia. Ukilifuta, umebaki na sauti nzuri isiyokuwa na kwao.

Au chukueni bendi ya Msondo. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika, bendi ikawa Juwata. Kikabadilika tena, ikawa OTTU. Leo ni Msondo Ngoma. Bendi moja, majina manne, na kila jina linabeba enzi yake ya nchi hii. Mtu aliyeshika kanda iliyoandikwa "Juwata" hahitaji profesa wa historia, enzi anaisoma kwenye kava. Halafu wanamuziki wenyewe walikuwa wanahama, leo Msondo, kesho Sikinde, keshokutwa pengine kabisa. Bila maandishi, nani atajua sauti ile ilirekodiwa akiwa kambi gani? Tunawaachia wajukuu mzigo wa nyimbo bila orodha ya mzigo.

Kijana wa bodaboda hakukubali kirahisi, na nilimpenda kwa hilo. "Mzee," akasema, "mimi nina nyimbo elfu tatu humu. Wewe ungezibeba kwa mkokoteni." Kweli kabisa. Nikamuuliza, "Ulizinunua wapi?" Akasema alilipa, akarushiwa kwenye memori kadi na jamaa mwenye kompyuta pale stendi. Basi tazameni safari ya hiyo pesa. Jamaa wa stendi amepata, mwenye fremu amepata kodi ya pango. Waliotunga, waliopiga gitaa, warithi wa marehemu, hakuna aliyeonja hata senti. Na kwa kuwa jina la bendi limefutwa, hata siku mtu mwenye moyo akitaka kuwalipa, ataanzia wapi?

"Basi nitalipia," kijana akasema. "Siku hizi kuna Boomplay, kuna Spotify." Vizuri sana. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021, na wapo wasanii wetu wanaopata riziki kwa njia hiyo. Ukilipia kwa mwezi umekodi, na kukodi si dhambi. Nusu ya Magomeni tunaishi kwenye vyumba vya kupanga. Dhambi ni kumwambia mpangaji kwamba amenunua nyumba.

Mimi niliambiwa hivyo. Miaka michache iliyopita nililipia albamu kwenye duka moja la nyimbo mtandaoni, nikalipa kwa pesa ya simu, nikaletewa ujumbe: hongera, umenunua. Nikafurahi. Nikaisikiliza kwenye daladala, nikaisikiliza jikoni. Siku simu ilipoibiwa nikajiambia si neno, nimenunua, nitaingia kwa simu nyingine. Nikaingia, programu haifunguki. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, inaita mpaka inakatika. Duka limefungwa, na albamu yangu imefungwa humo ndani pamoja na jina langu. Redio kaseti yangu iliwahi kutafuna kanda nyingi, lakini kila ilipotafuna nilibaki na utepe mkononi na kalamu ya kuurudishia. Safari hii sikubaki na kitu cha kumpelekea fundi.

Msidhani yametupata sisi wa Magomeni tu. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wake huko Marekani ikafuta vitabu vya George Orwell ambavyo wateja walikwisha kulipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Ilirudisha pesa, ikaomba radhi. Lakini fikirini, mwenye duka kaingia chumbani kwako usiku kachukua kitabu mtotoni mwa meza! Mwaka 2019 MySpace, ambako wasanii wa dunia nzima walikuwa wakiweka kazi zao, ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Wapo waliokuwa wametunza wimbo wao pale tu na si mahali pengine.

Ndiyo maana jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kazi Januari 2025. Duka linalouza bidhaa za kidijitali haliruhusiwi kumwandikia mteja "nunua" kama anachopewa ni leseni inayoweza kuondolewa, mpaka limweleze hivyo waziwazi. Neno moja tu, lakini neno hilo ndilo mkataba wenyewe. Nasi tunalihitaji hapa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla mtu hajabonyeza namba ya siri.

Muuza kahawa akadakia, na maneno yake yalikuwa mazito kuliko ya kwangu. Alisema alipohamia mtaa huu hakumjua mtu. Aliyemfungulia mlango wa kwanza alikuwa jirani aliyekuja kuazima kanda ya taarabu. Akaichukua, akaacha yake ya dansi kama rehani. Kurudishiana kanda kukaleta kuketi, kuketi kukaleta chai, chai ikaleta undugu. Leo jirani akitaka wimbo unamtumia jina lake kwa simu, basi. Ukiwa umelipia kwa akaunti yako, hata kuazima huwezi. Na ukifa? Marehemu baba yake alimwachia sanduku la kanda. Yeye atawaachia wanawe nini, neno la siri?

Hapo watu waliguna, maana kila mmoja alifikiria simu yake.

Lakini haki itendeke. Mwalimu mstaafu alitukumbusha kwamba zama za kanda na CD hazikuwa pepo kwa msanii, na ukweli huo lazima usemwe. Msanii alihangaika studio, akapata masta yake, akaipeleka kwa msambazaji Kariakoo. Akapewa fedha za mkupuo, akatoka. Nakala ngapi zimechapwa? Hajui. Ngapi zimefika Mwanza, ngapi zimevuka kwenda Lubumbashi? Hajui. Mjini anaimbwa kila kona, na yeye anapanda daladala akiwa amesimama. Halafu waliodurufu nakala feki nao wakamlia mfupa uliobaki. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA ikapewa kazi ya kusimamia haki hizo, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili kila nakala ihesabike. Zilikuja wakati mteja ameshaanza kuondoka dukani akielekea kwenye simu. Leo mtandao unahesabu kila mara wimbo unapochezwa, na kijana wa Sumbawanga anaweza kutoa wimbo asubuhi ukasikika Mombasa mchana bila kumpigia magoti mwenye duka. Faida hiyo ni kubwa, siipuuzi hata kidogo.

Filamu nazo zimepita njia hiyohiyo. Mnakumbuka Steven Kanumba alipofariki, Aprili 2012? Mji ulisimama. Filamu zake zilikuwa zimejaa kila nyumba yenye deki, CD ya kwanza na CD ya pili, kwa sababu hadithi moja iliuzwa vipande viwili. Tulilalamika kununua mara mbili, lakini tulikuwa nazo kabatini, na kwenye kava palikuwa na nyuso za waigizaji, mtunzi, mwongozaji na kampuni. Wiki iliyopita nilitafuta filamu moja ya enzi zile mtandaoni. Niliipata imekatwa vipande, picha imevutwa pembeni, majina ya mwisho yote yamenyofolewa. Mpiga picha wake yuko wapi? Aliyeshona mavazi? Mtu alikesha miezi akiitengeneza kazi ile, na mwingine amemfuta kwa sekunde moja ili video iwe fupi.

Kijana akarudi na swali lake la mwisho. "Lakini mzee, kanda zinaota ukungu, CD zinachubuka. Hicho chenu nacho kinakufa." Kinakufa, ndiyo. Dawa yake ni kuwa na nakala mikononi mwa watu wengi. Siti binti Saad alisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Zile santuri zilikuwa nzito na zikianguka zinavunjika kama sahani. Yeye alifariki mwaka 1950, kampuni zikabadilika, na sauti yake tunaisikia leo kwa sababu kuna santuri zilizopona, zilizofunikwa na kutunzwa na watu ambao hawakuwa na cheo chochote katika muziki. Walinunua, zikawa zao, wakazilinda kama kitu chao. Mtu halindi alichokodi kwa mapenzi ya namna hiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalisema mbele ya kijiwe chote. Sikiliza mtandaoni upendavyo, bando ni lako. Lakini ile kazi unayoipenda kwa dhati, ile ambayo ungetaka ichezwe kwenye matanga yako, itafute katika umbo unaloweza kulishika. Msanii akiuza CD mlangoni kwenye onesho lake, nunua. Akiuza faili lisilofungwa kwa akaunti, lipia, lipakue, liweke sehemu mbili, na moja iwe nyumbani kwa mtu mwingine. Kisha andika majina: wimbo, mwimbaji, bendi, mwaka. Nanyi wasanii wetu, mnapopakia kazi, msiandike jina la nyota peke yake. Mpiga besi ana mama aliyemzaa.

Tulipokuwa tunatawanyika, abiria akamwita kijana. Akapanda pikipiki, akaweka mguu chini, akatoa simu. Nilidhani anatafuta wimbo mwingine. Akamgeukia fundi redio, akauliza, "Mzee, Mwinshehe inaandikwaje?" Fundi akamsogezea ile santuri karibu na taa. Kijana akaandika herufi moja moja, abiria akisubiri nyuma yake: "Shida, Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano." Akabonyeza, akahifadhi, akawasha pikipiki. Zimebaki elfu mbili mia tisa tisini na tisa.