Sifa za Kosa la Kuingia

Mfumo wa ghala unapopiga hodi kwa mfumo wa uhasibu saa nane za usiku, ukajibiwa "jina au nywila si sahihi, ingia tena", wasio na shukrani huliita jibu hilo kosa. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake, maana mwingine halina.

Tazameni kwanza lilivyo na adabu. Katika programu za SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1972, mfumo mmoja humwita mwenzake kwa njia iitwayo RFC. Aliyekosea herufi moja ya nywila na aliyetaja jina lisilokuwepo kabisa hupewa jibu lile lile. Limeapa kutowasaidia wezi, na kwa uaminifu wake halimsaidii hata fundi anayelipwa kulitatua. Nipeni karani mmoja anayetunza siri za ofisi namna hiyo.

Halina unafiki wa jirani yake, kile kipimo cha muunganisho katika skrini ya SM59. Hicho ukikibonyeza kinakupangia milisekunde zake vizuri, nawe unamwandikia bosi kwamba njia ni nyeupe. Ni nyeupe kweli: kimepima njia tu, hakikujali anayepita ni nani. Kipimo cha idhini, ambacho ndicho kinachojaribu kuingia kwa jina na nywila, kimewekwa ndani zaidi kwenye menyu, wasikione wenye haraka.

Pia ni mwanahistoria. Zamani SAP ilikubali nywila za herufi 8 tu, na zote ilizigeuza kuwa herufi kubwa. Toleo lake la NetWeaver 7.0 likaruhusu hadi herufi 40, kubwa na ndogo zikitofautishwa. Basi mfumo mkongwe unapoita mfumo mpya, nywila huondoka huku ikiwa sahihi na kufika kule ikiwa imepayuka kwa herufi kubwa. Fundi anaapa kwamba ameiandika vilevile, na hasemi uongo.

Lakini kazi yake kubwa ni sensa. Kwa mipangilio ya kawaida, nywila ikikosewa mara 5 akaunti hufungwa. Fundi anaifungua, anabadilisha nywila, anarudi kwenye chai yake. Chai haijapoa, akaunti imefungwa tena. Mahali fulani kuna kazi nyingine ya usiku ambayo bado inatumia nywila ya zamani, tena kwa bidii ya kupigiwa mfano, na wa kuijua hayupo. Hapo ndipo kumbukumbu za usalama hufunguliwa, na ile seva iliyosahaulika chini ya meza, iliyofungwa na mkandarasi asiyepokea tena simu, inapata kutajwa kwa mara ya kwanza katika kikao. Wakaguzi hawakuigundua, wala orodha ya mali haina habari nayo.

Sensa hiyo huhesabu na watu. Akaunti ya mfumo kuongea na mfumo inapaswa kuwa ya aina ya mfumo, ambayo nywila yake haiishi muda. Kwa haraka za siku ya uzinduzi, mtu huazima akaunti ya binadamu, na binadamu anaweza kustaafu. Anaagwa kwa keki na hotuba, kisha anaendelea kutuma ankara kila usiku, bila mshahara, hadi siku nywila yake inapoisha na kosa letu linapoitaarifu idara ya fedha kwamba mzee ameondoka.

Mifumo inayoaminiana, isiyotumiana nywila, nayo haikunyimwa fadhila hii. Kwao kosa hukubali kufunguka kidogo, likitoa namba kuanzia 0 hadi 3. Ya 3 ndiyo niipendayo: jina halina neno, ila muhuri wa saa umekataliwa. Saa za seva mbili zikipishana kupita kiasi, uaminifu wote umevunjika. Ofisi nzima ina mtu mmoja tu anayejali saa, naye si mtu.

Nasikia wakubwa wameamua kuachana na nywila na kuhamia vyeti vya kidijitali. Wapenzi wa kosa hili wasihuzunike. Vyeti navyo vina tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo hujua kuchagua usiku wa kufunga hesabu za mwezi.