Sungura Ananawa Mikono

Msomaji wa kitabu cha watoto ana kasoro moja kubwa kibiashara: hana hela. Hanunui kitabu, hachagui kitabu, wala haulizwi kama kimemfurahisha. Anayenunua ni mzazi, anayeagiza ni mwalimu mkuu, anayeidhinisha ni kamati, anayesahihisha ni mhariri. Na wote hao meno ya utoto yaliwatoka zamani. Ndiyo maana anayejitapa kwamba anawaandikia watoto mara nyingi huwa anawaandikia watu wazima wenye miwani na mihuri. Nadhani ajali nyingi za uandishi huu zinaanzia hapo. Hadithi inapita katika mikono mingi iliyo safi, na inapomfikia mtoto imeshafuliwa mpaka imepauka.

Chukua Sungura. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha London ngano alizozikusanya Zanzibar. Katika mojawapo, Sungura anamdanganya Panya Buku kwamba asali iliyo kwenye mbuyu ni urithi aliomwachia marehemu baba yake, kumbe ni ya Simba. Mwenye mali anapotokea, Sungura anaviringishwa ndani ya majani makavu, anatupwa chini kama takataka na kutokomea. Buku ndiye anayebaki kuulizwa habari za asali. Sasa kipeleke kisa hicho leo kama mswada wa darasa la pili. Mhariri atauliza kwa upole kama ni lazima asali iwe ya wizi. Mwandishi, ambaye mrabaha anauhitaji, anamfanya Sungura aombe ruhusa. Msomaji wa pili anaandika pembeni: "Mbuyu ni mrefu. Usalama wa watoto?" Mbuyu unakuwa kichaka. Wa tatu anakumbusha kwamba mada ya muhula ni usafi. Kufika ukurasa wa 16, Sungura, Buku na Simba wamepanga foleni wakinawa kwa sabuni na maji tiririka, kisha wanalamba asali kwa zamu. Ukurasa unaofuata una maswali ya ufahamu, la kwanza likiwa: "Kwa nini Sungura alinawa mikono?" Jibu la kweli, kwamba alikuwa anatafuta ithibati, halimo kwenye kiongozi cha mwalimu.

Nitaambiwa kwamba mtoto lazima afunzwe maadili. Sikatai; samaki mkunje angali mbichi. Ila methali haikusema umkunje mpaka avunjike. Vizazi vya watoto vimemcheka Abunuwasi akirudisha sufuria ya kuazima pamoja na kisufuria kidogo, akidai mama kajifungua salama, na safari nyingine akimletea mwenye sufuria taarifa ya msiba. Hawakukua wakawa wezi wa sufuria. Walichobaki nacho ni somo zito: aliyepokea uongo uliompa faida hana pa kulilia uongo huohuo ukimgeuka. Somo hilo halikuandikwa kwa wino mzito chini ya hadithi. Mtoto alilichimbua mwenyewe katikati ya kicheko, na cha kuchimba mwenyewe hakisahauliki upesi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mchapishaji naye anakula ugali. Kwetu soko la vitabu vya watoto ni shule. Kenya, kitabu kisichokubaliwa na taasisi ya mitaala, KICD, kina safari ndefu kufika darasani. Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulikuwa ukinunua nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, na bila mnunuzi wa namna hiyo miswada mingi ingezeekea chini ya godoro. Hayo nayakubali. Ninachokataa ni kwamba mlinda mlango ndiye anayelijua soko. Uingereza, wachapishaji walipomkatalia mwandishi Beatrix Potter sungura wake Peter, mtoro na mwizi wa mboga ambaye baba yake alishapikwa pai, alijichapishia nakala 250 Desemba 1901. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne, mojawapo ya zilizokuwa zimekataa, ilikitoa kitabu hicho, na mpaka leo kinauzwa. Marekani nako, mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika jarida la Life kwamba watoto wa vitabu vya kujifunzia kusoma wana adabu na usafi usiokuwa wa dunia hii. Miaka mitatu baadaye Dr. Seuss akaja na paka anayevuruga nyumba mama akiwa hayupo. Kitabu kizima kina maneno tofauti 236 tu, tena mengi yakiwa ya kuchaguliwa kutoka orodha ya maneno ya wanaoanza kusoma. Masharti ya shule aliyatimiza, na paka hakunawishwa.

Kwa hiyo sisemi kamati zivunjwe. Nasema tu zimekaa mbele ya foleni, nafasi isiyo yao. Bibi alipotamka "Paukwa!" alinyamaza kwanza, akasubiri. Sauti za kitandani zikiitika "Pakawa!" hadithi inaendelea, zikiwa kimya, bibi anajua kikao kimekosa akidi na anakwenda kulala. Hiyo ndiyo ithibati ya kwanza tuliyokuwa nayo, na haikuwa na ada wala fomu. Mwandishi akiipata hiyo kwanza, ndipo aupeleke mswada kwa wenye miwani. Wakidai Sungura anawe mikono, anawe, mradi asali iwe bado ya wizi.