Sifa za && na ||

Alama za && na || zina ukoo wa heshima. Mantiki yake ni ya George Boole, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu sheria za fikra mwaka 1854, na zimo katika sh, programu ya kupokea amri ya Unix iliyoandikwa na Stephen Bourne na kutoka mwaka 1979. Kupima kweli na uongo kulionekana kazi duni kwa alama za hadhi hiyo, zikapewa usukani: amri iliyo kulia kwa && hufanyika pale tu ya kushoto ilipofaulu, na iliyo kulia kwa || pale ya kushoto iliposhindwa.

Fadhila ndogo zinatajika upesi. Hazichukui nafasi. Humpa mwandishi sura ya msomi. Tena zina huruma: kwa sh, amri iliyofaulu hurudisha 0, na ziro inayoliza nyumba nzima matokeo ya kidato cha nne yakitoka huku ndiyo ushindi.

Fadhila kuu ni ukarimu. Tuseme chama cha ushirika pale Mwandoya, wilayani Meatu, kinalipa wakulima wa pamba kwa mstari mmoja:

lipa && risiti || lipa_tena

Aliyeuandika alikusudia kwamba malipo yakipita, risiti itoke; yakikwama, yajaribiwe tena. Lakini sh haisomi nia ya mtu. Alama hizi zina uzito sawa, husomwa kutoka kushoto. Malipo yakipita kisha risiti ikagoma kwa kuwa diski imejaa, mkulima hulipwa mara ya pili. Mizani haijawahi kumhurumia hivyo, wala bei ya msimu. Diski ikiachwa imejaa msimu mzima, madeni ya viuadudu yatafutika, maboma yatafurika ng'ombe, bati jipya litameta mpaka Mwanhuzi, na wapanga bajeti watatoka Bariadi kuja kujifunza uchumi kwenye diski mbovu.

Kisha wakaguzi hufika. Anayeitwa ofisini si aliyeandika mstari, ni mkulima. Arudishe fedha, jina lake limezuiwa kusubiri uhakiki, mtandao unasumbua, aje kesho. Aje kesho kwa nauli ya nani? Mtaalamu wa mfumo amekwishalipwa, ameondoka, na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Wakubwa hawamtafuti, kwani aliwaachia zawadi: || true. Ikifungwa mwishoni mwa mstari, kila kushindwa hurudisha 0. Hata set -e, iliyowekwa ili skripti isimame inapokosea, hulipita kosa la namna hiyo bila kusimama. Ndipo taarifa ya robo mwaka huandikwa kwamba mfumo unafanya kazi vizuri, na wanaoipitisha hawaulizi zaidi, kwa kuwa kuuliza kungewapa kazi.

Mistari mitano ya if, then, else na fi ingetosha kuzuia malipo hayo ya pili, nayo imo katika sh ileile tangu 1979.