Namna ya Kuoka Vibarua Ghalani

Kwanza chagua msimu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio wenyewe: Dar es Salaam joto linapita nyuzi 30, hewa imeshiba unyevu, jasho linatiririka bila kukauka. Na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Hapo, tajiri yangu, nusu ya kazi umefanyiwa bure na bahari.

Godauni liwe la bati tupu, bila dari wala matundu ya hewa juu. Fundi atakwambia bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha jua. Mjibu kwamba rangi ni gharama, na wewe hushindi humo. Madirisha yazibwe, si unajua wezi. Feni moja inatosha, ikae mezani kwa mtunza stoo. Makontena yafunguliwe saa saba mchana. Alfajiri bati limepoa, lakini msimamizi bado yuko kwenye daladala.

Kwenye malipo usikosee, maana siri yote iko hapo. Usilipe kwa siku. Lipa kwa kontena, kundi zima ligawane. Hutahitaji tena kumkataza mtu kupumzika, wenzake watamkataza. Anayekaa kivulini dakika kumi anakula jasho lao, na watamwambia hivyo mbele ya watu. Hata ukiweka pipa la maji baridi mlangoni litashinda limejaa, nawe utakuwa na cha kumwonyesha mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, siku akipita na Sheria yake ya mwaka 2003. Sijaona nyapara mkali kama ujira wa namna hii, na yeye hadai hata mshahara.

Pipa likikutia wasiwasi, funga choo kwa kufuli. Asiye na pa kwenda haja hanywi maji, achilia mbali kikombe kizima kinachoshauriwa kila robo saa.

Kijana aliyeingia leo abebe saruji, mifuko ya kilo 50, sawasawa na wazoefu. Wataalamu wa Marekani wanashauri mgeni aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongezewe 20 kila siku, kwa kuwa wengi wanaouawa na joto kazini hufa siku za mwanzo, mwili haujazoea. Ni kweli, ila wao hawatozwi faini ya kuchelewesha kontena.

Akianza kupepesuka na kuropoka, sema amelewa. Au malaria imempanda kichwani. Mpe panadoli, ambayo kwa joto la aina hii haifanyi kitu. Usimvue shati, usimmwagie maji, usimpepee. Mwili ukishapita nyuzi 40, dakika hizo za kumpoza palepale ndizo zingemwokoa, kwa hiyo zitumie kubishana nani alipe bodaboda. Apakiwe katikati, mwenzake amshike kwa nyuma asidondoke.

Kontena likiisha, pesa wagawane waliobaki wamesimama.